Pete Ambayo Haikuzama Mtoni

Rosario, 4 Agosti 2019

Mdogo wangu Nélida,

Nina miaka themanini na mitatu. Nimemzika mke, mbwa wanne na madaktari watatu walionikataza nyama yenye mafuta. Nimeuona mto Paraná ukiingia jikoni mara mbili na kutoka wenyewe. Marais sikuwahesabu. Nimebaki mimi na goti moja zima.

Salamu nyingi kwako na kwa wanao. Hapa hatujambo. Mlimao wa mama umezaa mpaka matawi yanagusa ardhi, na majirani wanaiba huku wakinisalimia. Najua huwa tunaandikiana Krismasi tu, na mwaka mwingine hata Krismasi inapita. Usishtuke, sijafa. Simu sitaki. Kwenye simu mtu anajibu kabla hajafikiri, na wewe ndiye kinara wao.

Sasa sikiliza. Bustani ya michezo ya Los Ceibos imefunguliwa tena. Kuna kampuni imeichukua, wameweka taa za buluu na vijana wenye fulana za buluu. Nilikwenda siku ya kwanza, nikavaa koti la harusi, maana nilidhani watanipa kiti cha mbele. Nimefanya kazi pale miaka arobaini na sita. Hawakunijua, Nélida. Wakanipa karatasi ya kujaza umri na magonjwa.

Treni ya Mizimu hakuna. Unakumbuka Ferreyra alivyojificha mle gizani na tambara bichi, akiwapangusa watu shingoni? Wewe ulilia, usikatae. Nyumba ya Vioo hakuna pia. Siku hizi unasimama mbele ya skrini, inakuwekea masikio ya mbwa. Mimi sihitaji mashine kuniambia nina masikio makubwa. Palipokuwa na treni kuna Safari ya Joka. Unakaa kwenye kiti, unafungwa mkanda, unavishwa miwani mikubwa nyeusi kama ya mchomelea vyuma. Nilikaa. Kiti kikatetemeka. Joka likaja, likabweka, likaenda zake. Nikauliza, "Bado?" Kijana akasema, "Imeisha, babu." Nikamwambia, "Upepo uko wapi? Mtu anaruka na joka na nywele hazijasogea?" Akacheka, akadhani natania.

Lakini calesita ipo, ile bembea yetu ya kuzunguka yenye farasi wa mbao. Ipo, mdogo wangu, chini ya turubai, farasi kumi na wawili wote wakitazamana gizani. Nikaenda moja kwa moja ofisini. Meneja ni binti anaitwa Ludmila Arrieta, ana miaka kama thelathini. Akaniambia imeshapata mnunuzi, mtu wa Buenos Aires mwenye mgahawa wa nyama. Anataka kutundika farasi ukutani.

"Don Eleuterio," akasema, "watoto wa siku hizi hawapandi farasi asiyefanya kitu."

"Na wewe, binti, ulikuwa unapanda nini?"

Akachezea kalamu kwanza. "Yule mweupe, mwenye sikio lililovunjika."

"Ulipata pete ya mzunguko wa bure?"

"Mara moja. Hukunipa tena."

"Hata hiyo sikukupa. Mimi sigawi pete. Uliinyakua."

Hapo akacheka, nami nikajua nimeingia. Tukakubaliana hivi. Siku ya Mama, tarehe 20 Oktoba, toka saa tisa alasiri, joka na calesita vyote vitakuwa bure. Saa kumi na mbili kamili atahesabu foleni zote mbili. Yangu ikiwa ndefu, farasi wanabaki. Ikiwa fupi, wanakwenda ukutani.

Siku iliyofuata nikaitwa redio ya mtaa. Pale nikasema, na mtaa mzima ukasikia, kwamba siku hiyo nitaning'iniza kwenye pea ya mbao, ile ninayowapungia waliopanda farasi wainyakulie pete, ile pete ya kwanza kabisa, ya shaba, aliyoitengeneza baba kwenye karakana ya reli kwa kipande cha injini. Ile iliyokuwa ikitoka kwenye pea inalia kama kengele. Watu wakafurahi kupita kiasi. Binti ameshaiandika kwenye bango. Nikienda kununua mkate naulizwa pete.

Kama wote wanavyojua, pete hiyo ilichukuliwa na mafuriko ya mwaka sitini na sita, na tangu hapo nimetumia pete ya funguo. Ila mto nao huwa unarudisha vitu. Wewe ndiye uliyebeba masanduku ya mama. Hebu pekua chini ya vitambaa.

Nikija bila pete mimi ni mwongo mbele ya Rosario nzima, na mwongo hapangiwi foleni.

Kaka yako,
Eleuterio


Gaiman, 19 Agosti 2019

Kaka Eleuterio,

Nimefurahi kuona mwandiko wako. Herufi nilizokufundisha kwenye meza ya jikoni bado zimesimama, ingawa zimeinama kidogo, kama wewe. Hapa tu wazima. Upepo umeng'oa bati la banda la kuku na kulipeleka kwa jirani, na jirani amelirudisha pamoja na kuku asiye wetu. Kondoo wameanza kuzaa. Mjukuu wangu Carys amejifunza kuoka keki nyeusi, anaifanya ngumu kama tofali, na tunaila yote tukisema asante.

Nimepekua masanduku ya mama. Kuna vitambaa, kuna picha ya baba na masharubu, kuna jino la mtu. Pete hakuna.

Sasa nikuulize jambo, kwa kuwa mimi ndiye niliyefika darasa la saba. Mafuriko ya sitini na sita yalikuwa mwezi Machi. Mimi nimeiona pete hiyo tarehe 11 Desemba mwaka huo huo, Jumapili, kwenye pea, mkononi mwako. Na watu kama mia waliiona pamoja nami. Mto gani huo ulioichukua mwezi Machi ukairudisha, halafu ukaichukua tena bila maji?

Nadhani ikiwa pete ipo, basi ipo mahali pakavu. Na mwenye nayo pengine angependa kwanza kusoma ilivyotoka mkononi mwako. Ilivyotoka kweli. Pia kuna jina la mtu hujawahi kuliandika, tangu nimeolewa naye mpaka nimemzika, miaka mitatu sasa. Lina herufi chache tu. Hata wewe unaliweza.

Kula vizuri. Usipande ngazi.

Nélida


Rosario, 6 Septemba 2019

Mdogo wangu,

Salamu. Mimi nimepanda ngazi na sikuanguka, nakujulisha. Asante kwa habari za kuku.

Kazi ni moto. Turubai tumeliondoa, mimi na Ferreyra. Ndiyo, yule yule. Ana miaka sabini na tisa, sikio moja, na bado ananiambia mimi ndiye niliyezeeka. Tumesafisha farasi kwa mafuta ya kitani. Farasi mwekundu alikuwa na kiota cha ndege tumboni, Ferreyra akahamisha kiota kizima kwenye kofia yake na sasa hana kofia. Injini niliiwasha mwenyewe. Fundi wa kampuni alikuja na kompyuta, akazunguka, akakuna kichwa. Mimi nikaipiga ubavuni kwa kiganja, pale pale nilipoipigia mwaka themanini, ikaamka. Fundi akaniuliza nimesomea wapi. Nikamwambia hapo hapo aliposimama.

Watu wanakuja kutazama tu. Jana mama mmoja mnene mwenye mvi akaniambia, "Don Eleuterio, ulininyima pete msimu mzima wa mwaka sabini na moja." Nikamjibu, "Njoo tarehe ishirini nikunyime tena." Akaondoka anacheka, kasema analeta wajukuu wanane. Hivi ndivyo inavyokwenda. Mwalimu wa shule ya mtaa anawafundisha watoto kunyoosha mkono. Redio imenipigia tena. Wanataka kuipiga picha pete.

Kuhusu ile Jumapili unayoitaja: jua lilikuwa machoni. Saa kumi na moja, Desemba, jua linapiga kama taa ya treni. Na yule askari wako alisimama juu ya farasi, jambo lisiloruhusiwa hata kwa watoto. Akatumia urefu wake. Huko siyo kunyakua, huo ni uvamizi. Mafuriko niliyasema ili nisimwaibishe mtu. Basi, nimeeleza.

Itume kwa posta ya kusajili, ndani ya soksi. Zimebaki wiki sita.

Eleuterio


Gaiman, 20 Septemba 2019

Kaka,

Hatujambo. Keki imeanza kulainika.

Wewe ulisimama ukiutazama mto, miaka yote arobaini na sita. Mto uko mashariki. Saa kumi na moja jioni jua linakuwa kisogoni mwako.

Sina la kuongeza.

Nélida


Rosario, 1 Oktoba 2019

Nélida,

Emrys Pugh. Haya, limeandikwa. Nimelijaribu kwanza mara nne kwenye karatasi ya kufungia mkate, kwa sababu ile y hainipendi.

Leo sitauliza habari za kuku. Nimekaa jikoni tangu asubuhi, chai yangu ya mate imepoa, Ferreyra amekuja akagonga nikamwambia nina homa. Nikiacha sasa sitaanza tena.

Jua halikuwa machoni. Hakusimama juu ya farasi. Alikaa kama watu wanavyokaa, ila miguu ilikuwa inaburuza chini kwa urefu, na askari wenzake wote walikuwa wamesimama kando wanamzomea. Raundi ya kwanza nikamnyima. Ya pili nikamnyima, watu wakapiga makofi. Ya tatu nikampitishia pea puani, akanusa tu. Mimi nilikuwa na miaka thelathini, Nélida, na Jumapili hakukuwa na mtu mkubwa kuliko mimi kutoka stesheni mpaka mtoni. Unajua ninavyosema siku zote kwamba hakuna aliyewahi kuitoa pete mkononi mwangu bila mimi kutaka.

Raundi ya nne nikakuona wewe. Ulikuwa kwenye kibanda cha tiketi, umebeba mfuko wa machungwa wa mama. Ulikuwa unamtazama yule mtu kama ulivyokuwa ukitazama treni ya kusini ikiondoka, ulipokuwa mdogo, tulipompelekea baba chakula karakana. Tulikuwa tunakuvuta mkono hutaki kuondoka. Nikajua. Kwa hiyo farasi wake alipofika, mkono wangu ukalegea. Siyo bahati mbaya. Niliulegeza mimi.

Pete ikalia. Akapata mzunguko wake wa bure, akakuita, ukapanda mweupe. Desturi ni kwamba baada ya mzunguko pete inarudi kwangu. Nikanyoosha mkono. Yeye akaitia kidoleni mwako, mbele ya watu wote, nami nikabaki na mkono umenyooka kama mwombaji wa mlango wa kanisa. Februari mlikuwa mmekwenda.

Mama aliniuliza jioni ile ile, "Ilikuwaje ukamwachia?" Nikamwambia kijana amenizidi nguvu. Baadaye hata hilo likawa gumu kulisema mbele ya watu, nikawatajia mto. Mama alikufa akiamini hivyo. Nikaona ni heri aamini nimeshindwa kuliko ajue kwamba binti yake wa pekee nimempeleka mimi, kwa kifundo cha mkono, kilomita elfu moja na mia tano.

Nami nikamkasirikia yeye, maana kujikasirikia mwenyewe kila siku kunachosha. Sikuja harusini. Sikuja watoto walipozaliwa. Alipofariki niliandika barua tatu. Zipo chini ya kopo la majani ya mate mpaka leo.

Miaka hamsini na mitatu nimesema sijawahi kugawa pete. Nimegawa moja.

Kama huna, au unayo na hutaki kuileta, nitaning'iniza ya funguo na kuwaambia watu ukweli. Foleni itakayokuja ndiyo hiyo hiyo.

Kaka yako,
Eleuterio


Gaiman, 14 Oktoba 2019

Kaka yangu,

Barua yako imefika leo asubuhi. Posta nayo imezeeka. Naandika nimesimama, Carys ameshikilia begi mlangoni na kunihesabia dakika, kwa sababu basi linaondoka Trelew saa nane na ni safari ya kutwa kucha. Pete siwezi kuiamini kwa posta. Hata mimi mwenyewe siwezi kujiamini nayo, nimeishona ndani ya sidiria.

Barua hii nitaitumbukiza kituoni. Utauliza kwa nini niandike na mimi nakuja. Kwa sababu nakujua na najijua. Nikifika tutazungumza habari za malimao.

Emrys alijua. Alijua siku ile ile. Tukiwa tumekaa kwenye treni ya kusini aliniambia, "Kaka yako aliulegeza mkono." Nikamwambia, thubutu, Eleuterio hawezi. Akasema, "Nimekamata kondoo tangu nina miaka saba. Najua mnyama niliyemkamata na mnyama aliyekubali." Hakuwahi kumwambia mtu mwingine. Watu wakimsifu kwa kunyakua pete ya calesita ya Rosario, alikuwa anacheka na kujiongezea chai ya mate. Kila Krismasi alikuwa ananiambia, mwandikie tu, atasema mwenyewe siku moja. Na mimi nikawa nasubiri useme, na wewe ukawa unasubiri sijui nini, na yeye ndiye akachoka kwanza.

Mama hukumnyang'anya mtoto. Mimi ndiye niliyekuwa natazama treni.

Carys anasema dakika mbili. Usipande ngazi mpaka nifike.

Nélida


Rosario, 3 Novemba 2019

Mdogo wangu Nélida,

Natumaini umefika salama na kuku wako wote. Umeniambia kwenye simu ya jirani, nami nikaishika simu hiyo kwa ajili yako tu, kwamba Carys na wajukuu wenzake hawaamini yaliyotokea na unataka niyaandike kwa mkono wangu. Wasomee basi, polepole, hasa sehemu zangu.

Tarehe 20 Oktoba, Siku ya Mama, joto, upepo mdogo kutoka mtoni. Saa tisa foleni ya joka ilifika mpaka kwenye muuza bisi. Yangu ilikuwa na watu tisa, mmoja ni Ferreyra. Bibi yenu Nélida alinitazama, mimi nikatazama farasi. Nikainua pea. Pete ya baba ilikuwa inang'aa kama imetoka karakana jana, maana amekuwa akiisugua kila Jumamosi kwa majivu na ndimu, miaka yote hiyo.

Mtoto wa kwanza aliinyakua raundi ya pili. Ikalia. Nélida, ulisikia mwenyewe jinsi watu wa kwenye foleni ya joka walivyogeuza shingo. Wazee kwanza. Kuna bwana aliyeacha mkono wa mjukuu akasema, "Hiyo ndiyo," basi, akaja anatembea kama amelala.

Na sasa nawaambia siri ambayo kampuni yote na kompyuta zake hawakuijua. Mtu akitoka kwenye joka ameshamaliza, anakwenda kula. Mtu akitoka kwangu amenyimwa pete. Hawezi kwenda kula. Anarudi nyuma ya foleni, anakunja mikono ya shati, anawaambia wenzake safari hii nampata huyu mzee. Hivyo wote niliowanyima walikuwa wanarudi, na wapya wanakuja, na yule mama mnene wa mwaka sabini na moja alipanda mara tano, mara tano nikamnyima, mara ya tano akanipiga na mkoba na watu wakashangilia. Saa kumi na moja foleni ilikuwa imezunguka kibanda cha tiketi.

Hapo bibi yenu akapanda. Miaka sabini na sita, sketi ya kanisani, farasi mweupe mwenye sikio lililovunjika. Ferreyra alimsukuma kutoka chini kwa bega, kwa heshima zote. Raundi ya kwanza nikamnyima. Ya pili nikamnyima. Ya tatu akasema kwa sauti, ili mtaa mzima usikie, "Kaka, suruali yako imefunguka." Nikatazama. Pete ikalia.

Naapa sikuulegeza mkono. Hiyo aliinyakua mwenyewe, kwa hila, kama ilivyo desturi ya ukoo wetu. Akapata mzunguko wake wa bure, akashuka, nami nikanyoosha mkono. Akaniwekea pete kiganjani. Kulikuwa na kazi, watoto walikuwa wanagombana foleni.

Saa kumi na mbili kamili binti Arrieta akatoka na karatasi. Joka, watu kumi na tisa. Calesita, sitini na mmoja, bila kuhesabu waliokuwa juu ya farasi. Nikamwomba ahesabu tena kwa sababu nilitaka kusikia tena. Akahesabu tena, sitini na wawili. Wa mwisho alikuwa yeye mwenyewe, amevua viatu vya ofisi kavishika mkononi. Nikamnyima raundi tatu. Yule wa mgahawa amepelekewa habari kwamba ukuta wake autundikie pembe za ng'ombe.

Sasa Jumamosi na Jumapili niko pale, na Ferreyra kwenye tiketi. Vijana wa fulana za buluu wananiita mwalimu. Mmoja namfundisha pea. Mkono wake ni mzito, ila ana roho mbaya ya kutosha, atafaa.

Hapa waambie watoto watoke nje.

Siku zote kumi ulizokaa kwangu tulichemsha jamu ya malimao na kugombana kuhusu sukari. Barua yako ya tarehe 14 imefika jana, siku nane baada ya basi lako kuondoka. Nimeisoma mlangoni, nikaisoma tena jikoni, halafu nikaenda nayo kwa Ferreyra nikamwambia anisomee kwa sauti, nikasingizia miwani. Alipofika kwenye kondoo akasimama. Akasema, "Kwa hiyo alijua." Nikasema, "Endelea kusoma, kiziwi wewe."

Zile barua tatu za chini ya kopo la mate nimezitia ndani ya bahasha hii. Hazina anwani yako. Nimeandika jina lake juu, zote tatu, na ile y sasa imekubali. Mpelekee unapopeleka maua. Krismasi nitakuja mwenyewe, kwa basi, Arrieta ameshanipa ruhusa ingawa sikuiomba. Mwambie Carys aoke ile keki ngumu, meno ninayo.

Mtu yeyote huko asiyeamini niliyoyaandika na aulize. Ferreyra yupo, apigiwe kelele upande wa sikio la kushoto. Ludmila Arrieta yupo, anayo karatasi yenye hesabu. Mama mnene wa mwaka sabini na moja anaitwa Hebe Cantoni, na bado ana kinyongo. Wewe upo. Na kwa ile Jumapili nyingine, ya Desemba, yupo Emrys Pugh, aliyejua kabla ya wote na akanyamaza vizuri kuliko wote.

Kaka yako,
Eleuterio Bassani
wa calesita ya Los Ceibos